Maswali ya Faragha: Vifaa vya Starehe kwa Mwanamume Anayeanza

Barua tunazopokea kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi kuhusu vifaa vya ngono vya wanaume zina jambo linalofanana. Mwandishi amekwisha kununua, au yuko karibu kununua, na hakuna mtu aliyemweleza kifaa kimetengenezwa kwa kitu gani, kinasafishwaje, na ni wakati gani lazima kiondolewe mwilini. Muuzaji humkabidhi mzigo ndani ya mfuko mweusi na mazungumzo yanaishia hapo. Majibu ya toleo hili ni ya watu wazima, na majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Daktari, hujambo? Mimi ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 36, na nyumbani kwangu ni Nakuru. Safari zangu ni za Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine Kampala, hivyo hukaa majuma bila kumwona mke wangu. Sitaki mambo ya Salgaa, kituo cha malori kinachojulikana kwa biashara ya ngono. Mwenzangu alinionyesha kwenye simu kifaa cha wanaume cha kujistarehesha. Nianze na kipi, na je, hakitaniharibu hata nisimfurahie tena mke wangu? – Dereva, Nakuru

Sijambo, ndugu Dereva. Mtu anayetafuta namna ya kutuliza mwili bila kuhatarisha afya yake na ya mkewe anaijali nyumba yake, wala sioni sababu ya kuona haya. Kujistarehesha, kwa mkono au kwa kifaa, hakupunguzi nguvu za kiume, hakumalizi mbegu za uzazi na hakuleti upofu, ingawa maneno hayo bado yanasikika vijiweni. Kinachodhuru ni kifaa kibovu, au kifaa kizuri kilichotumiwa vibaya.

Kwa anayeanza ningependekeza kifuko laini, yaani mrija mnene wa mpira ambao uume huingizwa ndani yake pamoja na kilainishi. Kifaa cha aina hii kilichopata umaarufu mkubwa ni Fleshlight cha Steve Shubin, aliyewahi kuwa polisi mjini Los Angeles, ambaye alipewa hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1998. Yeye husimulia kwamba wazo lilimjia mke wake alipokuwa na mimba ya mapacha na daktari akawashauri wasifanye tendo la ndoa. Ninalitaja hilo kwa sababu wengi hudhani vifaa hivi ni vya wanaume wasio na wake. Nchini Japani, Koichi Matsumoto, ambaye zamani alikuwa fundi wa magari, alianzisha kampuni ya Tenga mwaka 2005, na vikombe vilivyoipatia jina ni vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Kwa mtu wa safari asiye na bafu la uhakika kila usiku, kikombe cha mara moja kinafaa sana, mradi kisihifadhiwe kwa matumizi ya pili.

Ukitaka cha kudumu, tazama kwanza kimetengenezwa kwa nini. Vifuko vingi vya bei nafuu ni vya mpira laini unaoandikwa TPE kwenye boksi. Mpira huo una vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambamo unyevu na vijidudu hujificha, na hauwezi kuchemshwa kwa sababu joto huuyeyusha na kuupotosha umbo. Silikoni halisi haina vinyweleo hivyo, na kifaa cha silikoni kisicho na mota wala betri kinaweza kuchemshwa kwa dakika 5 kikawa safi kabisa. Kifaa chochote kinachonuka plastiki kali mara unapofungua boksi, au kinachoacha mafuta mafuta kwenye vidole, kirudishe. Plastiki ya namna hiyo mara nyingi hulainishwa kwa kemikali za thalati, ambazo nchi kadhaa zimezipunguza au kuzipiga marufuku katika vitu vya kuchezea watoto. Vilevile usimwamini mtengenezaji aliyeandika kwamba bidhaa yake ni ya mapambo au mzaha tu, kwa kuwa maandishi hayo ni njia ya kukwepa kuwajibika kwa kitu anachojua kitagusa sehemu za siri. Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilichapisha kiwango cha usalama wa vifaa hivi, namba 3533, mwaka 2021, na muuzaji makini hapaswi kushangaa ukimuuliza kama bidhaa yake inakifuata.

Chagua kifuko kilicho wazi pande zote mbili. Kilichozibwa mwisho hubana kwa namna ambayo wengine huipenda, lakini maji hubaki ndani na ukungu huota, na sijaona sababu ya mtu anayeanza kujitafutia kazi hiyo.

Kuhusu kilainishi, nunua cha maji kwenye duka la dawa. Wanaume wengi huchukua kilicho karibu, Vaseline au ile jeli ya kukamulia ng'ombe, na matokeo yake ni kwamba mpira huanza kunata, hupasuka ndani, na vipande vyake vidogo hubaki mwilini. Mafuta hayo pia hudhoofisha kondomu ya mpira kwa muda mfupi sana, na hilo ni jambo la kukumbuka hata siku ambayo hutumii kifaa chochote. Kilainishi cha silikoni nacho kinaweza kuharibu kifaa cha silikoni, kwa hiyo cha maji ndicho salama kwa vyote.

Sasa usafi, ambao kwako ndio mtihani hasa. Unapoegesha usiku na bomba liko mbali, vaa kondomu kabla ya kutumia kifuko, kisha itoe, uifunge na kuitupa, na kazi ya kuosha itapungua sana. Ukipata maji, osha siku ileile kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ukigeuza kifuko ndani nje iwapo kinakubali kugeuzwa. Kikung'ute, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na ukiache kikauke kabisa kivulini. Kikishakauka, mpira wa TPE huwa na kunata, na dawa yake ni kuupaka vumbi jepesi la kornflawa ile inayouzwa kwa ajili ya mapishi. Unga wa ugali haufai, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na hukwaruza. Kihifadhi ndani ya mfuko wa pamba, mbali na kifaa kingine cha plastiki, wala usikiache kwenye dashibodi: kebini iliyofungwa adhuhuri hapo Mai Mahiu inatosha kukilainisha hadi kipoteze umbo. Kikianza kunuka hata baada ya kuoshwa, au kikichanika, kitupe. Usimwazime mtu yeyote, hata taniboi, msaidizi wako wa lori, mnayekula naye sahani moja, kwa sababu magonjwa ya zinaa, pamoja na virusi vya ukimwi, yanaweza kupita kwenye kifaa chenye majimaji ya mwili wa mtu mwingine.

Hofu yako kuhusu mke wako ina msingi kidogo. Mwanamume anayejizoesha mbano mkali sana na mwendo wa haraka, kila siku kwa namna ileile, anaweza kuona kwamba tendo la kawaida halimfikishi tena mshindo. Jibadilishie mwendo, usikibane kifaa kwa nguvu, na ukiona hisia zinapungua pumzika kwa majuma kadhaa, nazo kwa kawaida hurudi. Jambo ambalo ningekusihi zaidi ni kumwambia mke wako kabla hajakikuta mwenyewe ndani ya begi. Mwanamke anayeambiwa, "Nimenunua hiki ili nisikusaliti," ana la kujadiliana nawe, ilhali anayekikuta bila maelezo atajijibu mwenyewe, na mara nyingi atajijibu vibaya.

Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa umri wa miaka 63. Nina ugonjwa wa kisukari kwa muda mrefu, na nguvu za kiume zimepungua sana. Nimeona tangazo la pampu ya uume inayodaiwa kurudisha nguvu na kuongeza ukubwa. Ni kweli? – Mwalimu, Kakamega

Salamu zimefika, Mwalimu, na ninashukuru kwa kuuliza jambo ambalo wazee wengi huondoka nalo kliniki bila kulitamka. Nusu ya tangazo hilo ni kweli. Pampu ya utupu ni kifaa cha tiba kinachoheshimiwa. Geddings Osbon, mfanyabiashara wa matairi huko Augusta katika jimbo la Georgia, Marekani, aliitengeneza kwa ajili ya tatizo lake mwenyewe, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaruhusu iuzwe mwaka 1982, miaka mingi kabla ya vidonge vya sildenafil kuidhinishwa mwaka 1998. Kuongeza ukubwa wa kudumu, hata hivyo, haiwezi. Uvimbe unaoonekana baada ya kuivuta sana ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, na hupotea.

Inavyofanya kazi ni hivi. Uume huingizwa ndani ya mrija wa plastiki, hewa huvutwa nje, na upungufu wa hewa huvuta damu ndani ya uume hadi usimame. Pete ya mpira huteremshwa kutoka kwenye mrija hadi kwenye shina la uume ili kuizuia damu isirudi, kisha mrija huondolewa. Punguza nywele za shinani na upake kilainishi cha maji kwenye mdomo wa mrija, kwa sababu hewa ikipenya hakuna kinachotokea. Vuta polepole, pumzika, vuta tena. Ukisikia maumivu umezidisha. Usishtuke uume ukiwa wa baridi kidogo na rangi yake ikikolea, au ukilegea shinani nyuma ya pete, au shahawa zikichelewa kutoka, kwa kuwa hayo ni mambo ya kawaida ya kifaa hiki. Pete haipaswi kukaa zaidi ya dakika 30, nawe usilale nayo.

Nunua pampu yenye kidhibiti cha mvuto, yaani vali inayoachia hewa mvuto unapozidi, maana nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini hazina. Kwako wewe mwenye kisukari jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Kisukari cha miaka mingi hufifisha mishipa ya fahamu, hivyo unaweza kujiumiza bila kusikia uchungu. Tumia macho yako: washa taa, angalia ngozi kabla na baada. Ikiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, usiiguse pampu kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu damu inaweza kuvilia chini ya ngozi.

Kuna jambo moja ambalo nisingependa pampu ilifunike. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, na inapoanza kuziba mara nyingi dalili huonekana kitandani kabla hazijaonekana kifuani. Mwombe daktari wako wa kliniki ya kisukari, katika hospitali ya rufaa hapo Kakamega au unakohudhuria, akupime shinikizo la damu, mafuta ya damu na moyo, na umtajie tatizo hili kwa jina lake. Iwapo atakuandikia vidonge, mwambie dawa zote unazotumia, hasa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti, kwani zikichanganywa na sildenafil shinikizo la damu linaweza kushuka kwa kiwango cha kuua.

Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 24 na nina selimundu (sickle cell) tangu utotoni. Rafiki zangu wanasema pete ya uume humfanya mtu adumu. Naweza kuijaribu? – Kijana, Ahero

Marahaba, kijana wangu. Usiijaribu. Pete hiyo hufanya kazi kwa kuizuia damu isitoke kwenye uume, na damu yako ndiyo damu isiyopaswa kuzuiwa: chembe zinapokosa oksijeni hujikunja kama mundu, hushikana na kuziba njia. Matokeo yanaweza kuwa uume uliosimama kwa saa nyingi, wenye maumivu, usiotaka kulala, na wanaume wenye selimundu hupatwa na hali hiyo hata bila kifaa chochote, mara nyingi usiku. Pampu ya utupu nayo iache kwa sababu hiyohiyo.

Ninaandika kwa mkazo kwa sababu ugonjwa huu ni wa kwetu, katika kanda ya Ziwa na magharibi, na vijana wengi hawajawahi kuambiwa habari hii. Ukiamka na hali hiyo, kunywa maji mengi, nenda ukajisaidie haja ndogo, tembea taratibu, au oga maji ya vuguvugu. Usiweke barafu, kwa sababu baridi huzidisha kujikunja kwa chembe. Kama haujatulia, usisubiri asubuhi. Kikomo ni saa 4 tangu ulipoanza kusimama, na kupita hapo nyama za ndani huanza kufa na uwezo wa kusimamisha unaweza kupotea kabisa. Nenda hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ambayo wengi huiita Russia, na mlangoni kabisa sema, "Nina selimundu na uume umesimama tangu saa fulani," hata kama anayepokea wagonjwa ni mwanamke wa umri wa mama yako. Kwa starehe, kifuko laini nilichomweleza Dereva wa Nakuru hakizuii damu na hakina hatari hiyo.

Daktari, mume wangu amenunua pete inayotetemeka, ya kuvaa yeye lakini tufurahie sote. Nina watoto wadogo nyumbani. Kuna la kuhofia? – Mama wa Nyumbani, Kisumu

Dada, ikiwa mume wako hana selimundu, hatumii dawa za kuzuia damu kuganda na hana ganzi ya kisukari, pete laini ya silikoni inayovutika ni mwanzo mzuri kwa wanandoa. Itolewe ndani ya dakika 20 au mara inapoleta ubaridi, ganzi au maumivu, na isivaliwe na mtu aliyelewa, kwa kuwa mlevi husinzia nayo. Pete za chuma msizinunue kabisa: uume ukivimba ndani yake haiwezekani kuikata kwa mkasi, na watu wamefikishwa hospitalini ikabidi vifaa vya kukatia chuma vitumike.

Kuhusu watoto, hofu yako ni sahihi kuliko unavyodhani. Ndani ya pete nyingi za aina hiyo mna betri ndogo za duara kama vifungo. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, huunguza nyama za umio ndani ya saa 2. Kifunikeni kifaa, kifungieni kwenye sanduku lenye kufuli, na betri zilizokwisha zisiachwe mezani. Ikitokea mtoto amemeza, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo bila kumlazimisha atapike.

Nimesikia kuna kifaa cha kusisimua tezi dume kupitia njia ya haja kubwa. Je, mwanamume akikipenda atakuwa amegeuka? Na ni salama? – Msomaji, Bungoma

Tezi dume iko mbele ya utumbo wa mwisho, sentimita chache tu ndani, nayo ina mishipa mingi ya fahamu katika kila mwanamume. Kusikia raha inapoguswa ni jambo la maumbile ya mwili, na halisemi lolote kuhusu mtu anampenda nani.

Usalama wake unategemea zaidi kitako cha kifaa. Lazima kiwe na kitako kipana kuliko sehemu inayoingia, kwa sababu misuli ya njia hiyo huvuta kitu ndani na haina mahali pa kukiwekea kikomo. Madaktari wa upasuaji duniani kote hutoa chupa, mishumaa na tochi kwa wanaume waliojaribu kutumia vitu vya nyumbani, na wengi wao walichelewa kuja kwa aibu. Iwapo kitu kimeingia na hakirudi, usikifuate kwa koleo wala usinywe dawa ya kuharisha, nenda hospitali. Utumbo huo hautoi majimaji ya kulainisha, kwa hiyo kilainishi ni cha lazima na kiwe kingi. Anza na kifaa chembamba cha silikoni, kisichozidi unene wa kidole, na uache mara unaposikia maumivu. Usitumie krimu za kutia ganzi, kwa kuwa maumivu ndiyo yanayokuonya kwamba unachanika. Mwenye bawasiri, jeraha au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni asubiri apone. Kifaa kilichotumika huko kisipelekwe kwenye uke kabla ya kuoshwa au kuvalishwa kondomu mpya.

Nikiagiza kutoka nje kupitia mpakani, nitakamatwa? – Mfanyabiashara, Busia

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaorodhesha vitu vya aibu au vichafu miongoni mwa bidhaa zilizokatazwa kuingizwa nchini, na afisa wa forodha anaweza kuuhesabu mzigo wako kuwa hivyo na kuuzuia. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya nacho kinagusa biashara ya vitu vinavyoelekea kupotosha maadili. Ni kweli kwamba vifaa hivi vinatangazwa na kuuzwa waziwazi mitandaoni hapa nchini, lakini kuuzwa kwake si kibali. Ukitaka kuagiza kwa ajili ya biashara, muone wakili kwanza, na umlipe kabla ya kumlipa msafirishaji.